Nyasi Kwanza, Simba Baadaye: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Nyika

Barua za safari hii zimetoka kwa wapangaji wa likizo, wakulima na mwanafunzi mmoja anayebishana na baba yake. Nyingi zinauliza kitu kimoja bila kukitaja: nyasi. Ziko wapi, nani amezila, nani amezichoma. Ukishajua hayo, wanyama wanakuwa rahisi kuwapata.

Hamjambo wataalamu. Tumeweka akiba mwaka mzima ili watoto waone nyumbu wakivuka Mto Mara. Shule zinafungwa Desemba. Dereva mmoja anasema tutawaona, mwingine anacheka tu. Tumsikilize nani? (Baba wa watatu, Dodoma)

Msikilizeni anayecheka. Desemba mto huo hubaki na mamba na viboko, nyumbu wenyewe wako mbali kusini. Makundi hukaa kaskazini mwa Serengeti, upande wa Kogatende, na ng'ambo ya mpaka katika Maasai Mara, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. Mvua za vuli zikianza kudondoka Novemba, hugeuza pua na kurudi tambarare za kusini, karibu na Naabi na Ndutu.

Wengi hudhani nyumbu hufuata maji. Kama ni maji peke yake wangebaki kaskazini, maana Mto Mara haukauki. Wanachofuata kusini kimo ndani ya majani. Udongo wa tambarare zile umetokana na majivu ya volkano, na nyasi zake fupi zina kalisi na fosforasi nyingi kuliko nyasi ndefu za kaskazini. Jike anayejiandaa kunyonyesha anayahitaji madini hayo. Majivu hayohayo yamejenga tabaka gumu kama saruji chini kidogo ya uso wa ardhi, ndiyo maana mti hauoti pale na simba hana pa kujificha. Kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi ndama huzaliwa huko, na wengi wao hudondoka ndani ya wiki mbili tatu tu. Fisi hula hadi wachoke, na bado wanaobaki ni wengi. Shida ya kusini ni kwamba mvua ikikata, maji ya juu hukauka haraka na nyasi fupi hunyauka kwa siku chache. Hapo safari huanza upya: Aprili na Mei kuelekea kaskazini magharibi, Juni karibu na Mto Grumeti, kisha Mara.

Kwa likizo ya Desemba, basi, laleni kati ya Seronera na Ndutu. Mtakuta misururu ikiingia, pundamilia wakiwa wamechanganyika na nyumbu, na majike wenye matumbo mazito. Muulizeni dereva swali moja kabla ya kulipa: mvua imenyesha wapi katika siku kumi zilizopita? Asiyejua jibu hilo atakuwa anabahatisha. Gari liwe la magurudumu manne yenye nguvu, maana udongo mweusi wa mbuga ukilowa hushika tairi kama ugali wa moto.

Mkipata likizo ya Agosti siku za mbele, wekeni usiku tatu karibu na mto, si mmoja. Kundi linaweza kusimama ukingoni saa nne nzima kisha likageuka, mara nyingi kwa sababu magari yamejipanga pale linapotaka kushukia. Gari lisimame mbali na ukingo hadi nyumbu wa kwanza waingie majini, ndipo lisogee. Wakivuka, wengine huzama. Watafiti waliohesabu mizoga katika Mto Mara walipata wastani wa nyumbu zaidi ya 6,000 kwa mwaka, na mifupa yao huendelea kuachia fosforasi majini kwa miaka. Samaki, tumbusi na wadudu wa mto huo wote hula mezani hapo.

Nilikwenda hifadhini mwezi wa Juni nikakuta eneo kubwa limeungua, jeusi tii. Nililipa nione majivu? Na kwa nini hakuna anayekamatwa? (Msomaji aliyekasirika, Arusha)

Kuna uwezekano mkubwa aliyewasha moto huo alikuwa amevaa sare ya hifadhi. Katika hifadhi nyingi za nyika, moto wa mwanzo wa kiangazi huwashwa makusudi na askari wa wanyamapori, kwa kawaida kati ya Mei na Julai.

Masika yakiisha, nyasi husimama hadi kiunoni au zaidi zikianza kukauka. Ukiziwasha wakati shina bado lina unyevu kidogo, ndimi za moto huwa fupi, moto hutambaa, ukifika penye majani mabichi huruka, na umande wa usiku mara nyingi huuzima. Unabaki na viraka: hapa peusi, pale pazima. Ukiacha bila kuchoma, mvuvi, mrina asali au radi atawasha Septemba au Oktoba, nyasi zikiwa kama karatasi na upepo ukiwa mkali. Moto huo hupanda hadi kwenye matawi, huua miche ya migunga, hunasa kobe na vifaranga, na hauna kiraka cha kukimbilia. Viraka vya mapema ndivyo vinavyouzuia moto wa baadaye.

Nyasi zenyewe haziumii sana. Sehemu yake ya kukua iko chini kabisa, karibu na udongo, pale ambapo moto wa haraka haupitishi joto. Piga goti kwenye majivu siku chache baadaye uchungulie shina lililokatika: utaona ncha ya kijani kibichi inachomoza katikati ya makapi meusi. Ncha hizo zina protini nyingi kuliko majani makavu ya jirani, na swala tomi huzinusa kutoka mbali. Kwa hiyo mwambie dereva akupeleke kwenye eneo lililoungua wiki mbili tatu nyuma. Majani ni mafupi, wanyama wamejaa, na unaona hadi upeo wa macho. Waliolipa na kukuta nyasi ndefu zisizochomwa ndio wenye haki ya kulalamika.

Serengeti yenyewe ina kisa kizuri cha moto. Ugonjwa wa sotoka ulioingia Afrika mwishoni mwa karne ya 19 uliua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Chanjo ya ng'ombe wa vijiji vya jirani ilipoukata ugonjwa, nyumbu wakaongezeka hadi kama 1,300,000 kufikia mwaka 1977. Midomo yote hiyo ikala nyasi ambazo zamani zilikuwa kuni za moto. Moto ukapungua, na miti ikaanza kurudi. Sindano ya ng'ombe ikaotesha miti hifadhini! Dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka mwaka 2011.

Ni kweli mbung'o wanapenda rangi ya bluu? Mke wangu amenunua fulana nne za bluu kwa ajili ya safari. (Mume mwenye wasiwasi, Mwanza)

Kweli tupu. Rudisheni fulana, au mzivae hotelini. Bluu na nyeusi ndizo rangi zinazomvuta, na wanaomtega hutumia hilo: vile vitambaa vya bluu na nyeusi mnavyoviona vimening'inizwa msituni vimelowekwa dawa ya kuua wadudu. Vaeni kaki, kahawia au kijani cha majani makavu. Nguo iwe pana na nzito kidogo, kwani mdomo wake hupenya kitambaa chembamba kilichobana mwili.

Mbung'o huwinda mchana, kwa macho na kwa harufu, na gari linalotembea kwake ni nyati mkubwa anayekimbia. Ndiyo maana wanawafuata mkiwa mwendoni. Mkiingia penye miti mingi, kama maeneo ya Tarangire, Ruaha, Katavi au magharibi mwa Serengeti, fungeni vioo mpaka mtokee palipo wazi. Aliyekwisha kuingia hutua juu ya kioo au dari, na kofi halimtoshi: ana mwili mgumu, atanyanyuka tena. Mbaneni kwa kitambaa na kumsaga. Dawa za kupaka zinazofukuza mbu humsumbua kidogo tu. Madereva wengine huning'iniza nyuma ya gari kopo lenye kinyesi cha tembo kinachofuka moshi. Husaidia kiasi, ingawa nguo zenu zitanukia hivyo hadi nyumbani.

Kuumwa si kuambukizwa malale, kwani mbung'o wachache sana hubeba vimelea. Lakini kidonda chenye maumivu kikitokea pale alipouma, au homa ikaja wiki moja hadi tatu baadaye, nendeni hospitali na mseme wazi kwamba mlikuwa hifadhini. Bila kusema hivyo mtapimwa malaria na kurudishwa nyumbani. Malale ya Afrika Mashariki na Kusini huenda mbio, hayangoji.

Kila ukame tunaona picha za wanyama waliokufa. Kwa nini serikali zisichimbe visima kila mahali hifadhini? Mbona ni jambo dogo? (Mchungaji wa kanisa, Singida)

Mchungaji, swali lako ndilo lililotusumbua kuliko yote, kwa kuwa huruma iliyomo ni ya kweli na dawa unayopendekeza imekwisha kujaribiwa.

Hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, ilichimba mamia ya visima katika karne iliyopita kwa nia hiyohiyo. Kaskazini mwa hifadhi hiyo aliishi korongo. Tunamsema yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda nyuma, si ndege. Korongo hula nyasi ndefu katika sehemu kavu zisizo na ushindani. Maji yalipofika, pundamilia na nyumbu wakafika nayo. Nyasi zikafyekwa, na nyuma ya pundamilia wakaja simba. Korongo waliokuwa kama 450 mwaka 1986 wakabaki kama 45 mwaka 1993. Kruger ikaanza kufunga visima vyake vingi. Ukavu wa eneo lile ulikuwa ndio ngome ya korongo, na watu waliibomoa kwa bomba la maji.

Kuna la pili, na hili hutokea hata pasipo korongo. Nyumbu na pundamilia hawaendi malishoni mbali sana na maji, kama kilomita 10 hivi, kwa sababu wanapaswa kurudi kunywa. Kila kisima huzungukwa na duara la ardhi tupu iliyokanyagwa, kisha duara la vichaka vilivyotafunwa, ndipo nyasi huanza. Mwaka wa ukame duara hupanuka. Visima vikikaribiana, maduara huungana na hapabaki akiba ya nyasi popote. Katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu ya tembo walikufa Tsavo, Kenya, wengi wao majike na watoto waliong'ang'ania karibu na maji. Maji ya kunywa walikuwa nayo. Kilichowaua ni njaa, kwa kuwa jike mwenye ndama mdogo hawezi kutembea mbali kutafuta majani na kurudi.

Zipo hifadhi ambazo haziwezi kuacha kusukuma maji. Hwange ya Zimbabwe karibu haina mto wa kudumu, na wanyama wake wengi wa kiangazi wanaishi kwa pampu zilizoanza kufanya kazi tangu miaka ya 1930. Ukizizima leo, utaua. Aliyekwisha kuanza analazimika kuendelea, na bili ya mafuta au ya mitambo ya jua haina mwisho. Pale panapobidi kuchimba, visima viwe vichache, vitenganishwe mbali, na vifungwe kwa zamu ili nyasi za upande mmoja zipumzike. Kwa nyika nyingi jambo lenye faida kubwa zaidi ni kuacha njia wazi. Wanyama walikuwa wakihamia kwenye mto wa kudumu muda mrefu kabla ya pampu kuvumbuliwa, na uzio, shamba au barabara katikati ya ushoroba ndivyo vinavyowakwamisha.

Darubini ipi ninunue: yenye 10x25 au 8x42? Muuzaji anasema kumi ni kubwa kuliko nane. (Mwanachuo, Moshi)

Muuzaji anajua hesabu za darasa la kwanza. Nunua 8x42. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwanga unaofika jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5 na ushee, 25 kwa 10 ni 2.5 tu. Chui anaonekana alfajiri na magharibi, saa ambazo mboni ya jicho lako imepanuka na inahitaji mwanga huo wote. Tena kwenye gari linalotikisika, ukuzaji wa kumi hutikisa picha zaidi. Na kila mtu awe na yake, maana kuazimana darubini chui akiwa mtini huvunja ndoa.

Tembo wanamaliza mahindi yetu kila Mei. Wameniambia niweke mizinga ya nyuki. Inafanya kazi kweli au ni miradi ya wafadhili? (Mkulima, Kilombero)

Inafanya kazi, kwa masharti. Mahali ilipofuatiliwa kwa miaka mingi ni Sagalla, jirani na Tsavo Mashariki, Kenya. Katika misimu ya mvua nzuri, tembo wengi waliofika kwenye uzio wa nyuki waligeuka. Ukame wa 2017 ulipokuja, nyuki walihama, mizinga ikabaki tupu na kinga ikashuka. Uzio huu una nguvu sawasawa na idadi ya mizinga yenye nyuki ndani.

Ekari moja ya mraba ina mzunguko wa mita 254 hivi. Weka kituo kila mita 10, utapata vituo 25. Si lazima vyote viwe mizinga: kituo kimoja mzinga halisi, kinachofuata ubao uliokatwa kwa umbo la mzinga, hivyo unahitaji mizinga 12 au 13. Mzinga uning'inizwe kati ya nguzo mbili, usawa wa kifua cha mtu mzima, ukiwa na paa dogo la kivuli. Kisha unganisha vituo kwa waya, na hapa ndipo wengi hukosea. Waya ufungwe kwenye kamba au waya unaoushikilia mzinga, usifungwe kwenye nguzo. Tembo akisukuma waya kwa kifua, mzinga upande wake wa kulia na wa kushoto uyumbe na nyuki watoke. Ukifunga kwenye nguzo utakuwa umejenga uzio wa kawaida wa waya mmoja, na tembo atauvuka bila kusimama.

Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humchoma kuzunguka macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Hasahau.

Yanayoharibika ni haya. Mzinga hauingii nyuki kwa sababu umetundikwa kiangazi: utundike kabla ya maua, na usugue ndani kwa nta ya zamani. Nyuki huondoka kwa kukosa maji: weka karai lenye mawe madogo wanayoweza kutua. Siafu huingia: paka grisi nzito kwenye waya wa kuning'inizia. Nyegere hupasua: funika nguzo kwa bati laini asilopata pa kushika kucha. Waya hulegea: ukague kila wiki kuanzia mahindi yakianza kubeba. Usiku wa baridi nyuki huwa wazito, kwa hiyo upande wanaokuja tembo zaidi ongeza kamba yenye vitambaa vilivyopakwa pilipili kali iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu. Mvua ikinyesha, paka upya.

Mpangie tembo njia ya kuondokea. Shamba likiwa katikati ya ushoroba, uzio wako utamhamishia kwa jirani na mtagombana ninyi binadamu. Mkae kijiji kizima mchore mistari mnayomwona akipita, kisha mzungushie mashamba huku njia ikibaki wazi. Akishakula, wahini ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori nyayo zikiwa bado mbichi. Kifuta jasho hakilingani na thamani ya mazao, na bila ukaguzi wa mapema hata hicho hakitoki.

Magari kumi kumzunguka duma mmoja yana madhara gani? Mbona yeye mwenyewe amelala tu? (Msomaji, Nairobi)

Amelala kwa sababu hawezi kuwinda. Duma huwinda mchana kwa macho, na magari huziba anachokitazama au humshtua swala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika Maasai Mara ulilinganisha majike: kwenye maeneo yenye magari mengi walilea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa uzazi mmoja, kwenye magari machache 2.3. Zaidi ya mara kumi! Kanuni ya Mara ni magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja. Mkiwa wa sita, subirini mbali au ondokeni. Injini izimwe, magari yakae upande mmoja, yasimzunguke. Na msimwahidi dereva bakshishi ya kuwasogeza zaidi, kwani mara nyingi shinikizo hutoka viti vya nyuma.

Mimi nasema ni swala tomi, baba anasema ni swala granti, mama anasema ni swala pala. Nani mkweli? (Mwanafunzi wa darasa la sita, Musoma)

Mtazame kwa nyuma, mwanetu. Swala pala ana mistari myeusi miwili matakoni na vishungi vyeusi juu ya visigino vya nyuma, na jike wake hana pembe. Swala granti ni mrefu, na weupe wa matako yake hupanda juu kupita mkia. Swala tomi ni mdogo, weupe wake unaishia chini ya mkia, na ubavuni ana mstari mweusi mpana. Usitegemee mstari peke yake, kwa sababu granti wachanga nao wakati mwingine huwa nao. Kama bado mnabishana, angalieni mkia: wa tomi hautulii hata dakika moja.